Kosa Moja la Cyril Hudak

Brannock, Pennsylvania
9 Machi 1954

Mdogo wangu Ondrej,

Nakusalimu wewe, mkeo Signe na binti yako Karin. Natumaini barafu ya ziwa lenu haijawafungia ndani kabisa. Sisi huku tunakwenda. Binti yangu Anna ana mimba ya miezi sita, miguu imemvimba lakini anakula. Theluji imeanza kuwa nyeusi kando ya barabara, na kuku wawili wametaga juzi, jambo ambalo sikulitegemea kabla ya Pasaka.

Nianze na shukrani, kama alivyozoea marehemu mume wangu Cyril. Yeye alishukuru kwanza, ndipo akakaa. Maua yako yalifika siku yenyewe ya mazishi, meupe, hata moja halikuwa limenyauka. Niliyaweka miguuni pake kwa sababu kichwani palikuwa pamejaa maua ya chama cha wachimbaji makaa. Nadhani angependa hivyo. Alikuwa mtu wa kutazama miguu yake.

Hakuteseka sana mwishoni. Wiki tatu alilala amekaa, kwenye kiti karibu na jiko, kwa sababu akilala chali mapafu yalikuwa yanamkaba. Alinimenyea viazi akiwa hapo hapo. Alimenya nyembamba sana, ganda lilikuwa linapitisha mwanga. Siku ya mwisho alimenya vinne, akasema, "Verona, vitatosha hivi?" Nikasema vitatosha.

Nataka ujue kwamba tulicheka kwenye mazishi. Wakati wa kulinyanyua jeneza, Fabian Kolesar alisema kwa sauti, "Jamani, shikeni vizuri. Tukimwangusha Chekeche leo, atatucheka mpaka kiama." Hata Padri alifunika mdomo. Miaka yote hii hawajaacha kumwita Chekeche, kwa ajili ya ule mpira mmoja uliompita kwenye mchezo wako. Nilicheka nami, na nilishukuru kwamba walimzika kama mtu wanayemjua.

Sasa jambo lenyewe. Mwaka huu inatimia miaka ishirini na mitano tangu ubingwa wetu wa besiboli wa 1929. Watu wa nyumba ya zimamoto, wakiongozwa na Fabian, wanataka kupaka ubao mkubwa ukutani, wauzindue tarehe nne Julai mji mzima ukiwa nje. Utaandikwa jina lako: michezo mitatu ya fainali ndani ya siku saba, yote umerusha wewe, yote umeshinda, na katika ule wa mwisho hakuna mtu wa timu ya Garrow Hill aliyepata pigo hata moja. Wanataka uwepo. Kitanda kipo, na nitapika haluski, zile tambi zetu za kabichi.

Unakumbuka mimi sikuuelewa mchezo ule? Siku chache baada ya fainali Cyril alinifundisha mezani, kwa vijiko. Alipanga vijiko vinne kuwa vituo, chumvi ikawa wewe mrushaji, pilipili ikawa yeye, kati ya kituo cha pili na cha tatu. Akaviringisha punje ya njegere. "Ikinipita," akasema, "mwandishi wa mchezo anaamua. Kama hakuna binadamu angeidaka, ni pigo, sifa zake mpigaji. Kama ilidakika nami nikaiachia, ni kosa, halihesabiwi pigo, na jina langu linaandikwa." Nikamuuliza, na ule wako wa fainali? Akaila ile njegere.

Njoo, Ondrej. Hujakanyaga hapa tangu tulipomzika Mama.

Dada yako,
Verona

*

Duluth, Minnesota
2 Aprili 1954

Dada Verona,

Nimepokea barua yako na nimeisoma mbele ya Signe, ila pale pa viazi sikuweza, akanisomea yeye. Pole tena. Sisi ni wazima. Barafu inapasuka bandarini, meli ya kwanza ya kubeba chuma tunaitegemea wiki ijayo, nitarudi kazini kwa saa zote. Karin ameajiriwa kwenye duka la vitambaa. Anakusalimu shangazi yake ambaye hamkumbuki vizuri, na hilo ni kosa langu.

Nilikuambia sikuja kwenye mazishi kwa sababu ya theluji kwenye reli. Treni zilikuwa zinakwenda, dada.

Kuhusu ubao, sitakuja, na naomba wasiupake. Nitasema sababu kwa mara ya kwanza, maana sijawahi kumwambia mtu isipokuwa Signe.

Mpira ule wa Tierney, duru ya saba, haukuwa kosa la Cyril. Mimi nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka pale. Tierney aliupiga chini, ukaenda kwa nguvu, ukagonga kokoto ya makaa, ukaruka juu ya bega la Cyril. Hakuugusa. Hata mtu mwenye mikono minne asingeugusa. Lilikuwa pigo safi, na lilikuwa la Tierney. Mzee Pritchard, mwandishi wetu wa mchezo, aliandika kosa kwa sababu nilikuwa kijana wa nyumbani na alitaka niwe na mchezo usio na pigo. Mimi nilijua. Nilitazama kule alikokaa na daftari lake, nikasubiri mtu aseme. Hakusema mtu. Nikachukua mpira nikaendelea kurusha.

Shemeji yangu ameitwa Chekeche mpaka kaburini ili mimi nisifiwe. Nitaandika kwa Fabian. Daftari la mchezo liko bado kwenye kabati la zimamoto, najua. Walisahihishe. Wamwondolee Cyril kosa, wampe Tierney pigo lake. Kisha wapake rangi wanayotaka.

Mdogo wako,
Ondrej

*

Brannock
22 Aprili 1954

Mdogo wangu,

Kristo amefufuka. Tulibariki kikapu kanisani kama kawaida: mkate wa paska, mayai, soseji, na figili kali niliyoikuna mwenyewe. Ile figili ndiyo iliyoniliza, na sikuona haya, kwa sababu kila mtu anayekula figili Pasaka analia. Cyril alikuwa akila kijiko kizima, machozi yanamtoka, anasema, "Ni upendo tu, Verona, usijali." Anna alikula kijiko kwa niaba yake.

Meli yenu ilifika? Mwambie Karin shangazi yake anamkumbuka, alikuwa na meno mawili na aliniuma kidole.

Ondrej, nakuomba usimwandikie Fabian. Acha daftari lilivyo.

Najua utauliza kwa nini. Usiniulize. Naweza kukuambia kitu kimoja tu: Mzee Pritchard hakukupendelea. Alikuwa mtu wa Welisi, mshika dini, asingempendelea hata mama yake mzazi. Alikwenda kaburini akiamini kila mstari aliouandika. Zaidi ya hapo siwezi kusema, na siyo kwamba sitaki.

Cyril hakuona uchungu kuitwa jina lile. Ukiniamini katika jambo moja maishani, niamini katika hili.

Njoo Julai.

Dada yako,
Verona

*

Duluth
30 Mei 1954

Dada Verona,

Nisamehe kwa kimya. Meli zimekuja kwa wingi na bega langu linauma kila asubuhi, lile lile. Signe ameniwekea kitambaa cha moto mpaka ngozi imekuwa kama ya kiatu. Nyumba nzima inanuka dawa ya kuchulia. Vinginevyo tuna afya, tunashukuru.

Nilimwandikia Fabian tarehe kumi na saba. Najua ulinikataza. Niliisoma barua yako mara nyingi na kila mara niliona dada anayemlinda mdogo wake, kama ulivyomdanganya Baba kuhusu kile kioo cha dirisha la kanisa. Mimi nina miaka arobaini na saba sasa. Sitaki kulindwa.

Hujui kwa nini sikai Brannock zaidi ya siku moja. Nikuambie. Ubatizo wa Anna, mwaka 1931, nilikuja. Mlikuwa jikoni, wanawake wanapokezana mtoto. Cyril akanyoosha mikono amchukue binti yake, na mtu akapiga kelele, "Usimpe Chekeche mtoto! Atamwangusha!" Nyumba nzima ikacheka. Yeye pia alicheka, akamchukua Anna kwa mikono ile, taratibu, kama anachukua bakuli lililojaa maziwa. Nilitoka nje. Nilisema timu inaniita. Timu haikuwa imeniita, nilikwenda kukaa kituo cha treni saa tano nzima.

Fikiria nilichopata kwa mchezo ule. Mtu wa timu ya Minnesota aliniajiri kwa sababu ya mchezo usio na pigo. Nilicheza misimu miwili tu kabla bega halijavunjika, lakini nilikuwa nimeshatoka. Nimempata Signe huku. Nimefanya kazi juani. Miaka ishirini na mitano sijashuka shimoni hata siku moja, na Cyril ameshuka kila siku mpaka mapafu yakaisha.

Siwezi kumrudishia mapafu. Jina lake naweza.

Ondrej

*

Brannock
9 Juni 1954

Mdogo wangu Ondrej,

Anna amejifungua salama Jumatano, mtoto wa kike, ana nywele nyingi nyeusi na hasira za Mama. Ataitwa Ludmila. Namshukuru Mungu kwa saa zile sita zilizokwisha vizuri. Na wewe weka kitambaa begani, lakini kisiwe cha moto sana, Signe anakupika.

Fabian alikuja Jumamosi mchana ameshika kofia mkononi. Nikajua kuna jambo, maana Fabian havui kofia hata kwa askofu.

"Verona," akasema, "unajua alichoandika mdogo wako?"

"Najua."

"Anasema tumemwonea Cyril miaka yote hii. Anasema lile lilikuwa pigo. Sasa wenzangu wamegawanyika. Dzurik anasema daftari ni daftari, aliyeandika amekufa, basi limefungwa. Wengine wanasema mrushaji mwenyewe akikiri, nani abishe? Mimi nikasema mjane ndiye aamue."

"Na wewe ule mpira uliuonaje, Fabian?"

"Mimi? Nilikuwa nauza soda nyuma ya jukwaa. Hata hilo la Chekeche namwita kwa kusikia tu."

Nikamwambia anipe muda. Akasema fundi wa rangi anaanza tarehe ishirini na sita. Alikunywa kahawa, akala mkate wa kokwa za jozi vipande vitatu, akaniachia barua yako. Iko hapa mbele yangu.

Ondrej, nilimwahidi Cyril kwamba sitasema. Nimekaa na ahadi hiyo siku nne tangu Fabian aondoke. Nikinyamaza, utakivunja alichokujengea, na utadhani unamtendea wema. Kwa hiyo navunja mimi ahadi. Marehemu hawezi kunisamehe, itabidi unisamehe wewe.

Ilikuwa Jumamosi baada ya fainali. Nilikuwa nimekaa ngazini namenya maharage. Cyril alirudi kutoka kuungama, anacheka peke yake kuanzia getini.

"Padri amenipa adhabu," akasema.

"Umefanya nini?"

"Nimesema uongo."

"Kwa nani?"

"Kwa Mzee Pritchard. Nimemwambia mpira wa Tierney uliigusa glavu yangu. Haukuigusa, Verona. Ulinipita juu kama njiwa."

Akanieleza. Duru ile ilipokwisha, wakati mnarudi kwenye benchi, yeye alipitia kwenye wavu alikokaa Mzee Pritchard. Mzee alikuwa ameshika kalamu, bado hajaandika. Cyril akamwambia, "Ule wangu, Mzee. Niliuachia." Mzee akamtazama juu ya miwani. "Una hakika, kijana? Mimi niliona umeruka." Cyril akasema, "Mkono ni wangu, Mzee. Mimi ndiye ninayejua kilichougusa." Basi Mzee Pritchard akaandika kosa, kwa sababu hakuwahi kuona mchezaji anayejisingizia kosa, na hakujua kwamba yupo.

Nilimkasirikia. Nilimwambia, "Wewe mjinga nini? Watakucheka mji mzima!"

"Wacheke. Yule mtu wa Minnesota alikuwa jukwaani. Warushaji wanaoshinda wako kila mji wa makaa. Mrushaji asiyepigwa kabisa, fainali, huyo atamchukua. Baba yenu alibaki kule chini. Mimi nitashuka, ndugu zangu watashuka. Angalau mmoja atoke."

Kisha nikamuuliza adhabu ya Padri ilikuwa nini.

"Baba Yetu tatu. Halafu akaniambia, 'Na usirudie tena, mwanangu, angalau mpaka msimu ujao.'"

Hapo ndipo aliponiapisha. "Ondrej asijue," akasema. "Mtu akijua amebebwa hatembei sawasawa. Kila hatua anageuka kumtazama aliyembeba."

Sikujua kwamba ulijua nusu yake. Wala yeye hakujua. Alidhani umekuwa ukitembea mwepesi miaka yote, na ndivyo alivyokufa, amefurahi.

Sijamjibu Fabian. Sasa unajua yote, basi uamue wewe. Ukisema daftari lirekebishwe, nitampa Fabian neno lako bila kuongeza langu.

Dada yako,
Verona

*

Duluth
16 Juni 1954

Dada,

Hongera kwa Ludmila. Signe ameanza kufuma kofia, ingawa ni Juni.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa, kisha nikatoka nikatembea mpaka mwisho wa gati na kurudi.

Nitakuambia ukweli: kwanza nilikasirika. Kwa nini hakuniuliza? Ni maisha yangu, ni mchezo wangu. Angeniuliza, ningekataa palepale. Nilimwambia Signe hivyo, napiga meza. Yeye hakuacha hata kufuma. "Ndiyo maana hakukuuliza, wewe," akasema.

Nimemlilia Cyril jana. Mwezi wa pili sikuweza, nilikuwa na aibu. Jana nililia kama mtu mwingine yeyote anayefiwa na shemeji yake.

Mwambie Fabian nimefuta maneno yangu. Mwambie nilikuwa mbali na jua lilikuwa machoni. Ile barua itupe motoni.

Ila kuna kitu kinanisumbua. Bega lilivunjika msimu wa pili. Sikufika kwenye ligi kubwa. Alitoa jina lake, na mimi nikaishia kuwa mpakiaji wa chuma bandarini. Alijuta, dada? Niambie hata kama ni ndiyo.

Tunakuja, wote watatu. Treni ya tarehe mbili.

Ondrej

*

Brannock
24 Juni 1954

Mdogo wangu,

Nimetandika kitanda cha juu, na Karin atalala na Anna na mtoto, kama havumilii kelele aseme mapema. Maharage yamechanua. Leo nimefungua dirisha la chumba chetu kwa mara ya kwanza tangu Februari, na nikaona naweza kukaa humo.

Umeniuliza kama alijuta. Barua yako ya bega ilipofika, mwaka ule, nilimsomea anavaa viatu vya kazi. Akauliza, "Anarudi shimoni?" Nikasema hapana, amepata kazi bandarini. "Kuna jua huko?" Nikasema kuna jua na upepo na baridi ya kukata masikio. Akafunga kamba ya kiatu. "Basi tumeshinda," akasema, akachukua ndoo yake ya chakula akaenda zamu. Sikumsikia tena akilitaja jambo hilo, ila ulipotuma picha ya harusi aliitazama sana, kisha akasema, "Mtazame alivyoungua pua."

Fabian nimempa neno lako. Amefurahi kiasi cha kuvaa kofia yake tena. Alikuja na mchoro wa ubao nione. Jina lako juu, majina ya timu, na chini matokeo ya fainali kama yanavyoandikwa, mstari wa Brannock na mstari wa Garrow Hill. Lakini palikuwa na pointi na mapigo tu.

"Makosa yako wapi?" nikamuuliza.

Akatazama pembeni. "Tumeyaacha, Verona. Wote tumekubaliana. Sasa amekufa, tumsitiri."

"Yarudishe."

"Lakini lile moja la Brannock ni la Cyril. Kila mtu anajua. Litakaa ukutani miaka yote!"

"Likae. Na liandikwe kubwa kama mengine."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa apake kanisa rangi nyekundu. Nikamwambia mume wangu hakuwahi kuona aibu kwa kosa lile, na mimi sitamwonea aibu yeye. Akakuna kichwa, akachukua kalamu, akaandika moja hapo hapo mezani kwangu. Nilishukuru kuiona. Ni kazi yake Cyril, Ondrej, kama vile sufuri ya mapigo ni kazi yako.

Njooni na makoti, jioni kuna baridi.

Verona

*

Duluth
12 Julai 1954

Dada yangu Verona,

Tumefika salama. Karin analala bado, anasema Ludmila alimfundisha kutolala. Mkate wa jozi uliotufungia haukufika hata Chicago. Signe anauliza unaweka nini kwenye kabichi, na mimi nimemwambia haiwezi kuandikwa, lazima tuje tena. Tutakuja Krismasi ukitukubalia.

Asante kwa siku zile tano. Asante kwa kunionyesha kaburi asubuhi, sisi wawili tu, na kwa kuniacha peke yangu pale bila kuniambia unaniacha.

Kuna jambo sikukuambia kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa watu, na nilitaka niliandike vizuri.

Baada ya hotuba ya Fabian, ulipokwenda kukata keki, nilibaki mbele ya ubao. Mzee mmoja akaja na mkongojo, kofia ya majani, pua kubwa. Sikumtambua mpaka aliponiita kwa jina letu la ukoo.

"Kwa hiyo hatimaye wamekupaka rangi, Tkach."

Alikuwa Tierney. Amekuja kutoka Garrow Hill kwa gari la mkwe wake. Akasimama kando yangu akausoma ubao wote, taratibu, kidole kikifuata.

"Garrow Hill, mapigo sufuri," akasema. "Unajua mimi nilikupiga."

Katika yote tuliyoandikiana mimi na wewe, Tierney hatukumfikiria sana. Cyril alikuwa ametoa jina lake mwenyewe, sawa. Lakini pigo lilikuwa la mtu mwingine.

"Najua," nikasema. "Ulinipiga."

"Wajukuu wangu hawaniamini. Wananiambia, babu, daftari linasema kosa."

"Nitawaambia. Wako wapi? Nitawaambia sasa hivi, mbele ya watu wote hawa, na wafute ubao."

Akanishika mkono wa koti. Ana nguvu bado. "Nyamaza wewe! Unadhani umegundua wewe?" Akaangalia kama kuna mtu karibu, kisha akasema polepole. "Shemeji yako alikuja kwetu. Jumapili ile ile baada ya mchezo, kwa miguu, maili nane. Nilidhani amekuja kupigana. Alisimama mlangoni akavua kofia, akaniambia, 'Tierney, nimekuibia pigo lako. Nimemdanganya mwandishi. Ukitaka, nitarudi kwake nikamwambie.' Nikamuuliza, umefanya hivyo kwa sababu gani, una wazimu? Akasema, 'Mdogo wa mke wangu anaweza kutoka shimoni.'"

"Ukasemaje?"

"Ningesema nini? Nilikuwa nimetoka kumzika kaka yangu mwezi wa nane, au vile vipande vyake tulivyovipata shimoni. Nikamwambia, basi na atoke. Nikamwambia aingie ale. Alikula viazi vyetu vyote." Tierney akacheka mpaka akakohoa, kikohozi kile kile, dada, unakijua. "Kila mwaka nilipomwona sokoni nilimwita Chekeche kwa sauti kubwa kuliko watu wote. Yeye ananijibu, 'Na wewe Tierney, lini utapata pigo?' Hakuna aliyejua tunacheka nini."

Nadhani Cyril hakukuambia hata wewe hili. Sasa unalo.

Nilikuwa nimekuja Brannock na shukrani ambayo aliyestahili kuipokea yuko chini ya udongo, na nilidhani nitarudi nayo Duluth kama nilivyokuja. Nilimshika Tierney mkono kwa mikono yangu yote miwili. Sikuuachia. Nilimwambia asante mara nyingi sana, kwa sauti, mpaka watu wakageuka kutazama, na Fabian akasema kwa mtu wa pembeni, "Mtazame Ondrej, anamshukuru mtu aliyeshindwa kumpiga."

Tierney akanikonyeza. "Sawa, sawa, kijana," akasema. "Karibu."

Mdogo wako,
Ondrej